Sabuni ya Majivu ya Ndizi

Sabuni naijaribu kwa ulimi. Nikiona imekauka nainama kwenye chano, nakigusa kipande kimoja kwa ncha ya ulimi, kisha nasubiri. Kama sipati ladha nyingine zaidi ya sabuni, imeiva. Ikichoma, mchomo mdogo wa ghafla kama ule tulioupata utotoni tulipolamba betri za redio kuona kama bado zina moto, basi bado. Inarudi kwenye chano wiki nyingine, au mbili, mpaka itulie.

Ile ninayotaka kuieleza hapa ilichoma. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa siku kadhaa nilijitahidi kujiambia kwamba haikuchoma.

Ulikuwa mwaka wangu wa nne tangu nirudi Masama, kwetu mlimani Kilimanjaro. Kabla ya hapo niliishi Tanga, Mwanza, Mbeya, Unguja, halafu tena Mwanza, nikifua mashuka ya mahoteli na kuuza vitu vidogo vidogo. Kila mji niliupenda mpaka siku nilipouzoea. Mbeya nilijifunza sabuni kwa mama mmoja aliyekuwa na karakana nyuma ya nyumba yake, lakini habari ya majivu niliitoa nyumbani. Bibi mzaa baba alikuwa akianika maganda ya ndizi juu ya paa la jiko, akayachoma, akaloweka majivu yake, na maji yale ya rangi ya chai ndiyo aliyofulia nguo zetu zote. Huko mbali nilikokuwa, nikikumbuka kwetu, nilikumbuka harufu ya maji yale. Siku nyingine niliikumbuka kwa nguvu kiasi cha kunikera.

Mama alipofariki nikaja kuzika, nikabaki. Kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kwa desturi ni cha mdogo wangu wa kiume, naye yuko Dar es Salaam na hana haraka ya kurudi. "Kaa tu, dada," aliniambia kwenye simu. "Ukichoka utasema." Niliona kijiji kizima kinangoja nichoke.

Kikundi chetu cha wanawake cha kuweka na kukopa hukutana kila Alhamisi alasiri katika ukumbi mdogo wa usharika. Kwa mkopo wangu wa kwanza nilinunua mashine ya kukamulia mafuta ya parachichi, maana parachichi huku huanguka na kuoza chini ya miti mpaka ng'ombe wanazikataa. Kwa mafuta hayo na maji ya majivu nikatengeneza sabuni ya uso, na baadaye mafuta ya kupaka. Duka moja la Moshi mjini likaanza kuzichukua. Mkopo ule nilimaliza kuulipa kabla ya wakati wake.

Wa pili ulikuwa wa kujenga chumba. Afisa aliyekuja kukagua kwa ajili ya alama ya ubora aliingia kwenye stoo ya kahawa ya marehemu baba, ambamo nafanyia kazi, akatazama sakafu ya udongo, akatazama utando wa buibui kwenye boriti, akasema kwa upole kabisa, "Mama, bidhaa yako nzuri. Ila humu hapana." Bila vigae, dari na maji ya bomba, hakuna alama. Bila alama ningebaki hapo hapo nilipo, nikiuza kwa wanaonijua.

Ilibidi nipate wadhamini watano. Mkopaji akishindwa, au akipotea, wao ndio wanaolipa. Hilo la kupotea kila mtu alijua linamhusu nani. Waliokubali kunidhamini walikubali kwa sharti la mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye sote tunamwita Mwalimu tu, naye alikuwa mmoja wa hao watano.

"Mdhamini aingize mkono kwenye kazi," alisema. "Kila mmoja amletee debe moja la majivu ya maganda ya ndizi. Majivu ya jikoni kwake mwenyewe."

"Akikimbia je?" mmoja akauliza kutoka benchi la nyuma.

"Akikimbia tutabaki na majivu yetu," akajibu mwingine.

Watu walicheka. Nami nilicheka, nikichelewa kidogo.

Mvua za vuli zilikuwa nzito mwaka ule, na maganda hayakukauka upesi. Madebe yalifika moja moja. La mwisho lilikuwa la Bibi wa kihamba jirani, mwenye miaka sabini na kitu, aliyelileta kichwani mwenyewe kwenye utelezi na kukataa kupokelewa mpaka alipofika mlangoni. "Debe limejaa," alisema akilitua. "Asiseme mtu kwamba langu halikujaa."

Nguvu ya maji ya majivu hupimwa kwa yai. Unaloweka, unachuja, unatia yai bichi. Likizama, maji bado dhaifu, unapitisha kwenye majivu mengine. Likielea na kutoa kichwa cha upana wa sarafu, maji yanafaa. Safari ile yai lilipanda mapema mno, nikafurahi. Nilidhani ni baraka ya majivu ya watu watano. Nilipika sabuni, nikaimimina, nikaikata vipande, nikaipanga kwenye vyano vilevile baba alivyoanikia kahawa. Baada ya siku chache vipande vikatoka unga mweupe juu. Niliupangusa kwa kitambaa. Siku ya ishirini na moja niliinama nikaijaribu, ikanichoma ulimi.

Kawaida ningengoja. Lakini Desemba ilikuwa mlangoni, na Desemba ndiyo watu wetu wote wa Dar es Salaam na Arusha wanapanda nyumbani, na barabara inajaa magari, na kila mmoja anataka kurudi mjini na kitu cha kwao. Mama mwenye duka pale njia panda ya Himo alikuwa amenipigia mara tatu. Halafu Alhamisi ya wiki ile ombi langu la mkopo lilikuwa linasomwa mbele ya kikundi, na nilikuwa nimeahidi wadhamini wangu kwamba wataona majivu yao yamekuwa nini. Nikajiambia itapoa yenyewe njiani. Nikajiambia ulimi wangu una kidonda. Jumatano nikapeleka makatoni mawili Himo. Alhamisi nikawapa wadhamini watano kila mmoja kipande, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba, na wakapiga makofi. Ombi likasomwa. Uamuzi ungetolewa Alhamisi iliyofuata.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alinipigia simu. Hakusubiri salamu.

"Njoo unione," alisema, "kabla sijajifunika."

Nilipanda kwake kwa miguu karibu nikikimbia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, uso ameuelekeza kwenye mwanga kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mashavu yalikuwa mekundu, na pembeni mwa pua ngozi ilikuwa inatoka vipande vyembamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tazama. Nilifikiri ninanawa, kumbe ninajimenya."

Nilitaka kugusa, nikaogopa.

"Na kesho ni zamu yangu kusoma neno," aliendelea. "Nitasimama mbele ya usharika mzima hivi. Watasema Mwalimu ameanza mkorogo wa kujichubua uzeeni. Tena wataniuliza naupata wapi."

"Wale wengine je?"

"Nimewapigia wote wasiiguse. Bahati yao wanaitunza kwa ajili ya wageni." Akanitazama moja kwa moja, vile walimu wanavyotazama. "Ulijua?"

"Nimejua leo, Mwalimu. Nilipokuona."

Nilijibu haraka mno. Yeye akachukua bakuli la maziwa ya mgando lililokuwa pembeni yake, akajipaka shavuni kwa vidole viwili.

Kutoka kwake nikashuka barabarani, nikapanda basi mpaka Himo. Njia nzima nilikuwa nahesabu vipande kichwani, nikivigawa katika nyuso. Mama wa duka aliponiona alidhani nimeleta mzigo mpya.

"Nimekuja kuzichukua," nikamwambia.

"Kuzichukua ziende wapi? Hizi zinauzika, dada!"

"Zina kasoro."

"Kasoro gani? Mimi nimefulia soksi za mume wangu, zimetakata ambavyo hazijawahi. Hata yeye amezikataa, anasema si zake."

"Umeuza ngapi?"

Alihesabu zilizobaki, nikahesabu tena baada yake. Zilikuwa zimetoka kumi na moja. Nikamwuliza kwa nani, akaniangalia kama nimemwuliza mvua imeenda wapi. Watu wa mabasi, alisema. Watu wa mpakani. Wawili wa kwenda Marangu. "Na mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Aliniuliza kama inafaa ngozi ya mtoto inayokauka. Nikamwambia hii ni parachichi tupu, mama, mpake bila hofu."

Nilirudi na makatoni mapajani. Kwenye karatasi ya kila kipande kulikuwa na namba yangu ya simu. Siku zile kila simu ilipolia kwa namba nisiyoijua niliipokea kabla ya mlio wa pili, na isipolia niliogopa zaidi, kwa sababu mtu ambaye mtoto wake ameungua na sabuni huenda asipige simu kabisa. Anaitupa tu, na anasema maneno yake. Mpaka leo sijui habari za mama yule. Nikiona mtoto mwenye mabaka mashavuni popote kati ya Himo na Moshi, namtazama mama yake usoni kuona kama ananijua.

Jumatatu alinipigia rafiki wa zamani kutoka Mwanza. Hoteli fulani ilikuwa inatafuta msimamizi wa dobi, mtu mzima, anayeaminika. "Njoo kabla ya sikukuu," alisema. "Huko mlimani unafanya nini na baridi hiyo?" Nilicheka naye. Nilipokata simu nikajikuta nimesimama juu ya kitanda, nateremsha begi kutoka juu ya kabati. Mikono ilikuwa inaifanya kazi hiyo bila kuniuliza, maana imeifanya mara nyingi. Nilianza kuona ziwa. Nilianza hata kumkumbuka muuza samaki mmoja ambaye nilipokuwa Mwanza sikumpenda. Na mkopo wa pili ulikuwa bado hata haujatolewa, kwa hiyo hakuna ambaye angelipa kwa ajili yangu. Nilikuwa nimejipangia hoja zote.

Ila sikutaka kuondoka na madebe ya watu. Nikaingia stoo kuyasafisha. Katika debe la Bibi, chini kabisa, majivu yalikuwa yameganda, na nilipoyakwangua kikatoka kidonge cheupe chenye chembechembe kama chumvi. Nilikivunja kwa kucha. Nilikijua kabla sijakinusa. Yalikuwa magadi.

Nikabeba debe mpaka kwake. Alikuwa jikoni, sufuria ya kiburu iko motoni, ndizi na maharage vikichemka pamoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo. Umeniletea debe? Aika, asante. Wengine mkopo ukishapita hata debe hawarudishi."

Nikakaa. Aliinua kifuniko, akapekua maharage kwa mwiko, akaguna. "Leo yatachelewa kuiva. Magadi yangu yote nilikumalizia wewe."

"Mimi?"

"Kwenye debe. Maganda yalilowa, majivu yakafika nusu tu. Nikasema, nipeleke nusu debe mbele ya Mwalimu? Mimi? Nikatwanga magadi nikajazia. Nilitwanga vizuri, wala huwezi kuyaona." Alikuwa anaongea kwa raha ya mtu aliyetoa kitu chake kizuri. "Si ndiyo yanayolainisha? Hata maharage magumu kama mawe, tia magadi yanalainika. Nikasema na ngozi za watu zilainike."

Niliangalia debe, kisha sufuria.

"Kwani sabuni ina nini?" akauliza. "Mwalimu kanipigia kasema nisiiguse."

"Bado mbichi, Bibi."

"Basi ingoje," alisema. Akanipakulia kiburu kwenye bakuli, nikala chote huku ananitazama.

Njiani kurudi nilielewa kwamba sasa nina sababu mkononi. Ningeweza kusimama Alhamisi na kusema sentensi moja ndogo ya kweli, na kosa lingehama kutoka kwangu kwenda kwa kikongwe aliyetaka debe lake lijae. Mkopo ungepita. Labda hata wangenionea huruma. Usiku ule na uliofuata sikulala vizuri, na mchana nilizunguka kihambani nikianza kazi na kuziacha, nikipunguzia migomba majani ambayo hayakuhitaji kupunguzwa. Maana ni kweli magadi yaliiharibu sabuni, lakini magadi hayakuibeba mpaka Himo. Niliyechomwa ulimi ni mimi.

Alhamisi nilifika ukumbini. Mwalimu alikuwa amejifunga khanga mpaka karibu na macho. Baada ya sala alifungua daftari, akasema, "Ombi la chumba. Mwenye ombi azungumze kwanza."

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote.

"Sabuni niliyowapa mbovu," nikasema. "Siku ya ishirini na moja niliijaribu, ikanichoma. Nikaipeleka hivyo hivyo Himo, nikawapa na ninyi. Mwalimu aliponiuliza kama nilijua, nilimwambia nimejua siku ile. Nilidanganya."

Nilisikia mbuzi nje. Halafu nikasikia benchi linalia, Bibi anainuka akishika bega la aliyekaa mbele yake.

"Na magadi? Mbona husemi magadi?"

"Magadi gani tena, Bibi?" akauliza Mwalimu.

"Yangu. Niliyojazia debe. Ameyakuta, nilimwona uso ulivyobadilika jikoni kwangu, halafu akala kiburu akanyamaza. Mimi si mtoto. Nimekaa siku tatu namngoja aje aniseme."

"Ulitia magadi kwenye majivu?"

"Si nilitaka lijae!"

Mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo, ikashindikana. "Bibi, ulitaka kutupika?"

Mwalimu alishusha khanga taratibu. Uso ulikuwa umeanza kupona, umebaki na mabaka kama ramani. "Kwa hiyo mimi nimeungwa kama kiburu," alisema. "Na nilisoma neno hivi. Mchungaji akanishika mkono akaniambia pole na msiba."

Ukumbi wote ukalipuka. Nilicheka nami, machozi yakitoka, nikadhani mambo yameisha. Hayakuwa yameisha. Mdhamini wangu mmoja, mwenye ng'ombe wa maziwa, mwanamke asiyependa maneno mengi, alingoja vicheko vitulie.

"Sabuni ni sabuni," alisema. "Inaharibika, inapikwa nyingine. Mimi naogopa kitu kingine. Dada, nakuuliza, na ujibu. Wiki hii hukufikiria kuondoka?"

Wote waligeuka kunitazama. Ningeweza kusema sikufikiria, na ningeaminiwa kwa dakika moja.

"Nilifikiria. Jumatatu niliteremsha begi."

"Ukalipakia?"

"Nusu."

Akatikisa kichwa, akakaa. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nami nikabaki nimesimama kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae.

"Mkopo wa chumba usubiri mzunguko ujao," alisema hatimaye. "Apike tena, aonyeshe tena. Wadhamini, kuna anayejitoa?"

Nilitazama sakafu. Hakuna aliyejitoa. Bibi akasema, "Mimi nijitoe wakati magadi ni yangu?" Mwenye ng'ombe akasema, "Nabaki. Lakini namtazama."

Kisha tukaingia kwenye shughuli ya kawaida ya kuweka hisa, na hapo ikaonekana kwamba sanduku la kikundi halifunguki. Lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Mmoja wa hao watatu alikuwa amehamia Arusha kwa binti yake kulea mjukuu, na ufunguo wake alikuwa ameurudisha kwa Mwalimu. Ilibidi achaguliwe mwingine. Watu wakaanza kutaja huyu na yule.

"Mpeni huyu," Mwalimu akasema, akininyooshea kidole.

"Mwalimu! Huyu huyu?"

"Huyu huyu."

"Wa begi?"

"Ndiyo, wa begi. Asipokuja Alhamisi, sanduku halifunguki. Tutakaa hapa wanawake ishirini na watano tukikodolea mlango macho." Akanigeukia. "Unaelewa ninachokufanyia?"

"Naelewa, Mwalimu."

"Unakubali au unakataa? Kukataa ruhusa."

Nilitaka kukataa. Nataka iandikwe hivyo. Niliwaza ziwa, niliwaza Alhamisi zote zilizo mbele, za mvua na za jua, moja baada ya nyingine, na kila moja watu wameketi wananingoja mimi. Bibi alikuwa ananiangalia mdomo wazi.

Nikanyoosha mkono. Ufunguo ulikuwa mdogo, wa shaba, una uzi mwekundu. Wale wengine wawili walikuwa wameshafungua kufuli zao na kusimama pembeni. Nikapiga magoti mbele ya sanduku. Ufunguo ukaingia lakini haukuzunguka, nikautoa, nikautia tena.

"Zungusha kushoto," akasema mwenye ng'ombe kutoka nyuma yangu. "Hiyo ina kiburi. Kushoto, halafu uivute kidogo."

Nikazungusha kushoto, nikavuta.